UZI: Bibi Rosa na koti la manyoya. Mhamiaji wa Kiitaliano aliyemlea Papa Fransisko

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ninao kichwani tangu Aprili 2025, wiki ile Papa Fransisko alipofariki na kila redio ikawa inasimulia maisha yake. Walisema Mwargentina, Mjesuiti, Papa wa kwanza kutoka bara la Amerika. Yote kweli. Lakini mtu aliyetajwa kwa sentensi moja kisha akapitwa ni bibi yake mzaa baba, Rosa Vassallo. Mimi naamini usipomjua huyo bibi, mjukuu wake humwelewi.

Mimi ni fundi cherehani, na habari zake zilinishika kwa kitu cha kazi yangu kabisa: bitana.

Ni mapema mwaka 1929, bandari ya Buenos Aires. Kule Januari na Februari ni msimu wa joto, jua linachoma na hewa ni nzito kwa unyevu wa ule mto mkubwa. Abiria wanashuka kutoka meli ya Giulio Cesare iliyotoka Genova, Italia. Katikati yao anashuka mwanamke wa miaka arobaini na kitu, yuko na mumewe Giovanni Bergoglio na kijana wao Mario, na mwilini amevaa koti la manyoya ya mbweha. Watu wote wanafuta jasho, yeye koti havui. Ndani ya bitana ya koti lile kulikuwa na fedha za familia, yaani kila kilichopatikana baada ya kuuza mali zao Italia.

Anayeshona anajua hiyo si kazi ya dakika mbili. Unafumua bitana kwenye pindo la chini. Noti huziweki kwa bunda, maana bunda linavimba na mwenye macho ya wizi ataliona; unazilaza moja moja. Kila moja unaipigia bandi kwa mkono, isije ikateleza na zote zikakusanyika kona moja koti likaanza kuning'inia upande. Kisha unafunga pindo kwa mshono wa kuficha. Koti likishakuwa hivyo hulitundiki tena msumarini ukaondoka. Unalala nalo na unakula nalo. Na safari ya Genova hadi Buenos Aires ilichukua kama wiki mbili baharini, ikikatiza ikweta.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana koti lile lilikaribia kuwa chini ya bahari.

Familia ilikuwa ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Upande wa Bergoglio asili yao ni Portacomaro, kijiji cha vilima na mizabibu karibu na mji wa Asti. Rosa na Giovanni wote walizaliwa 1884, wakaoana Torino mwaka 1907, na Mario akazaliwa 1908. Ndugu watatu wa Giovanni walikuwa wametangulia Argentina mwaka 1922, wakafungua kampuni ya kutandaza barabara katika mji wa Paraná. Giovanni na Rosa wakaamua kuwafuata. Wakakata tiketi za meli iliyoitwa Principessa Mafalda.

Meli ile iliondoka Genova tarehe 11 Oktoba 1927. Njiani ilisimama mara kadhaa kwa hitilafu za mitambo. Jioni ya tarehe 25 Oktoba, karibu na pwani ya Bahia, Brazil, mtaimbo unaozungusha rafadha ulikatika, nyuma ya meli ikatoboka na maji yakaingia. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,200. Waliokufa ni 314, wengi wao wahamiaji. Nahodha Simone Gulì alizama na meli yake.

Giovanni, Rosa na Mario hawakuwemo. Walikuwa hawajamaliza kuuza vitu vyao, wakalazimika kubadilisha tiketi. Mnunuzi aliyechelewa tu! Papa mwenyewe alikuwa akiisimulia habari hii, na akaifanya mwanzo wa kitabu cha maisha yake kilichotoka Januari 2025. Alisema ndiyo maana leo yupo.

Naweka nukta hapa kwanza, nina koti la mtu la kumalizia. Nitarudi jioni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, hapo pa tiketi umenigusa. Sisi wa huku, ukitaja meli na watu 1,200, tunanyamaza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama mjomba wangu alitakiwa awemo. Aliuguliwa na mtoto, akabaki Bukoba. Mpaka anakufa, kila mwaka tarehe hiyo alikuwa hali chakula cha mchana. Hakueleza sababu na sisi hatukuuliza. Kwa hiyo naelewa kwa nini Papa aliianza hadithi yake na meli ambayo hata babu yake hakupanda.

Endelea, nimekaa hapa hapa.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu fundi, shukran. Swali dogo: walikuwa wanakimbia njaa? Maana sisi tukisikia mhamiaji tunajua ni shida imemfukuza kwao.

Mleta uzi

Nimerudi. Ndugu wa Mwanza, pole sana kwa niaba ya mjomba. Asante kwa kutushirikisha.

Ndugu wa Nairobi, swali lako ni zuri. Ni kweli Waitaliano wengi waliondoka kwa dhiki. Kati ya 1876 na 1915 waliotoka Italia ni karibu milioni 14, wakulima wasio na shamba, watu wa kusini na wa kaskazini. Lakini akina Bergoglio hawakuwa watu wa njaa, walikuwa na biashara yao. Papa alieleza kuwa walihama kwa sababu waliona ndugu wanapaswa kukaa pamoja. Watatu wako ng'ambo, huyu mmoja abaki afanye nini?

Na juu ya hilo, Italia ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa Mussolini tangu 1922. Rosa alikuwa mwanachama hai wa chama cha walei wa Kikatoliki huko Asti, akizunguka kuwahutubia akina mama, na watawala wale hakuwapenda na hakuficha. Mwanamke anayesimama mbele ya watu na kusema, katika nchi ambayo kusema kulikuwa kunafungiwa milango. Mkumbukeni hivyo, tusije tukambakiza kuwa bibi wa rozari peke yake.

Haya, wamefika Paraná. Ndugu wale watatu walikuwa wamefanikiwa: walijenga jumba la ghorofa nne, watu wakaliita Palacio Bergoglio, na lilikuwa la kwanza mjini pale kuwa na lifti. Kila ndugu na ghorofa yake. Mario alikuwa na ujuzi wa uhasibu, akaingia kwenye vitabu vya kampuni. Fedha za ndani ya koti zikaingia kwenye maisha mapya.

Miaka mitatu tu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliwafikia, na 1932 kampuni ikafilisika. Waliuza jumba. Waliuza hata kaburi la ukoo. Wakuu, ngoja nikae hapa kidogo, maana mtu akiniambia ameuza nyumba namwelewa, akiniambia ameuza gari namwelewa. Kuuza mahali ulipoandaa kulazwa wewe na wazee wako ni kufika mwisho kabisa.

Mmoja wa ndugu alikuwa ameshafariki kwa saratani, mwingine akaanza upya, mdogo akaenda Brazil. Giovanni na Rosa wakashuka Buenos Aires mikono mitupu. Padre mmoja Msalesiani, Enrico Pozzoli, Mwitaliano mwenzao, akawaunganisha na mtu aliyewakopesha peso 2,000, wakafungua duka la vyakula. Na Mario, mhasibu wa kampuni iliyokuwa na jumba lenye lifti, akawa anabeba kikapu mkononi kupeleka bidhaa kwa wateja mpaka alipopata kazi nyingine.

Papa alisema walianza upya kwa wepesi ule ule waliokuja nao. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Sisi tunapenda kusimulia mhamiaji aliyefika na shilingi moja akawa tajiri. Huyu alifika na fedha kifuani, zikaisha, na hapo ndipo alipoanza kuwa yule ambaye mjukuu wake atamkumbuka maisha yote.

Mchangiaji, Songea

Fundi, nikiweke hiki kabla uzi haujanoga upande mmoja. Argentina iliwapokea Waitaliano kwa mikono miwili kwa sababu ilitaka Wazungu. Katiba yao ya 1853, ibara ya 25, inaiagiza serikali kuhimiza uhamiaji wa watu wa Ulaya. Imeandikwa Ulaya, waziwazi. Na kati ya 1878 na 1885 jeshi chini ya Jenerali Roca liliwapiga wenyeji wa asili, Wamapuche na Watehuelche, kule kusini likawanyang'anya ardhi yao. Wapo waliofika kwa meli wakapewa hoteli, wapo waliokuwa nyumbani kwao wakafukuzwa. Lazima lisemwe.

Mleta uzi

Mkuu, lazima lisemwe na umelisema. Sina la kupunguza. Naongeza tu kwamba ile ardhi ya kusini sehemu kubwa iliishia kwa matajiri wachache. Wahamiaji wengi walijazana mijini kwenye majengo ya vyumba vya kupanga, familia nzima chumba kimoja, choo na jiko vya pamoja. Na ndiyo, Hoteli ya Wahamiaji pale bandarini, iliyofunguliwa 1911, ilimpa mgeni kitanda na chakula bure kwa siku tano. Leo nani anayeshuka kwenye mashua Ulaya anapewa kitanda siku tano bila kuulizwa mengi? Mjukuu wa Rosa aliliona hilo. Safari yake ya kwanza nje ya Roma akiwa Papa, tarehe 8 Julai 2013, alikwenda kisiwa cha Lampedusa kuwaombea waliozama baharini wakielekea Ulaya. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 3, watu 368 wakazama karibu na kisiwa hicho hicho, wengi wao Waeritrea. Nadhani alikuwa anaiona Mafalda.

Mchangiaji, Nairobi

Alikuja kwetu Kangemi, Novemba 2015. Nilikuwa mbali kabisa, nilimwona kama kidoto cheupe. Lakini sauti ilifika. Sasa tuambie huyu bibi alimlea vipi, maana kichwa cha uzi kinasema alimlea na wazazi walikuwepo.

Mleta uzi

Walikuwepo. Mario alikutana na Regina Sívori mwaka 1934 katika kanisa la San Antonio, mtaa wa Almagro, wakaoana Desemba 1935. Regina alizaliwa Buenos Aires, lakini damu ni ya Kiitaliano pia: upande wa mama Piemonte, upande wa baba Genova. Jorge, ndiye Papa Fransisko wa baadaye, akazaliwa 17 Desemba 1936, mtoto wa kwanza kati ya watano. Alibatizwa siku ya Krismasi na yule yule padre Pozzoli, na mama wa ubatizo alikuwa Rosa.

Mdogo wake alifuata haraka sana, baada ya miezi 13 hivi. Mama mmoja, vichanga wawili. Rosa alikaa karibu, kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anakuja kumchukua Jorge, anashinda naye, jioni anamrudisha. Wangapi humu ndani mmelelewa hivyo? Mimi mmojawapo. Unajua harufu ya jiko la bibi kabla hujajua ya kwenu.

Na nyumbani kwa Rosa na Giovanni wazee walizungumza Kipiemonte, lugha ya kwao, siyo Kihispania na siyo hata Kiitaliano cha shuleni. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa Buenos Aires aliijua mpaka uzeeni, akaweza kughani mashairi yake kwa kichwa. Baba yake, Mario, hakumsemesha lugha hiyo hata siku moja. Alisema Kihispania tu. Papa alikuja kueleza kwamba baba hakuonyesha kuikumbuka Italia, na kwamba lazima alikuwa anaikumbuka, kwa kuwa alikuwa anaikana. Hili linahitaji kusomwa polepole. Kijana aliyehama akiwa na miaka 20 amefunga mlango, mama yake ameuacha wazi, na mtoto akapitia kwa bibi.

Mambo mawili ambayo bibi alimwachia.

Siku ya Ijumaa Kuu alikuwa anawapeleka wajukuu kwenye maandamano ya mishumaa. Sanamu ya Kristo aliyelazwa ikipita, anawapigisha magoti na kuwaambia: tazameni, amekufa, lakini kesho atafufuka. Papa alisimulia mwenyewe Roma mwaka 2013, akasema tangazo la kwanza la imani alilipokea kwa mwanamke huyu.

Jingine: akiwa bado mtoto mdogo, wanatembea barabarani, akawaona wanawake wawili wa Jeshi la Wokovu na zile kofia zao. Akauliza, bibi, hawa ni masista? Bibi akajibu: hapana, ni Waprotestanti, lakini ni watu wema. Wakati ule Mkatoliki wa kawaida alifundishwa kwamba hao ni wa kuepukwa. Neno moja la bibi barabarani, na miaka sabini baadaye mtoto yule anakaa meza moja na maaskofu wa Kianglikana na Walutheri.

Mchangiaji, Goma

Jambo kwenu wote. Sisi huku tulimungojea Goma, ikashindikana juu ya usalama, akaishia Kinshasa. Watu wa mashariki wakaenda kumwona kule, tarehe 1 Februari 2023, wakamsimulia mateso yao, na yeye akawasikiliza. Siku moja kabla ya hapo alishasema mataifa yaondoe mikono yao juu ya Kongo, yaondoe mikono yao juu ya Afrika. Nilikuwa najiuliza mzee huyu hasira hiyo ya mali anaitoa wapi.

Mleta uzi

Ndugu wa Goma, karibu sana, na Mungu awalinde. Jibu liko kwa bibi. Kuna msemo alioutaja mara nyingi kwamba ni wa Rosa, na mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani mtafsiri ameongeza chumvi ya Kiswahili: sanda haina mfuko. Hivyo hivyo! Sisi mafundi tunaijua sanda: haikatwi kola, haitiwi mfuko. Sasa fikiri, anayesema ni mwanamke aliyewahi kubeba mali yote ya nyumba ndani ya nguo, kisha akaiona yote inakwenda hadi kaburi la ukoo.

Mchangiaji, Songea

Na babu? Umemwacha bandarini.

Mleta uzi

Haki yake, nisamehe. Giovanni alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye mto Piave, na alimsimulia mjukuu. Tarehe 13 Septemba 2014 Papa alikwenda makaburi ya Redipuglia, wanapolala wanajeshi 100,000, akasema vita ni wazimu. Pale alikabidhiwa karatasi ya kumbukumbu za jeshi za babu yake. Mzee wa miaka 77 anapewa jina la babu kwenye karatasi.

Nimalizie la Rosa. Jorge alipotangaza kwamba anakwenda seminari, mama yake alikasirika. Rosa alimwambia kama Mungu anakuita, na ibarikiwe. Lakini usisahau mlango wa nyumba hii uko wazi, na ukiamua kurudi hakuna atakayekulaumu. Mwanamke aliyehama anajua maana ya kuachiwa mlango wazi.

Aliogopa hataifikia siku ya upadrisho, akaandika barua mapema, nusu Kihispania nusu Kipiemonte. Akaifikia: 13 Desemba 1969 alikuwepo. Akafariki 1974. Katika maandishi aliyoyaacha anawaombea wajukuu, ambao amewapa kilicho bora cha moyo wake, maisha marefu yenye furaha. Na siku ya uchungu, ya ugonjwa au ya kufiwa, wakumbuke kwamba pumzi moja mbele ya tabernakulo na kumtazama Maria chini ya msalaba huweza kudondosha tone la dawa kwenye jeraha la ndani kabisa. Karatasi hiyo Papa aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, akawa anaisoma mara kwa mara. Walioandika juu yake walieleza makanisa, safari, mageuzi. Mimi nikifikiria kitabu kile naona bitana nyingine, na noti ndani.

Mchangiaji, Muscat

Fundi, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Huwa nasoma tu sichangii, leo nimeshindwa.

Nilipokuja huku kufanya kazi za ndani, mama alinishonea noti tano za elfu kumi kwenye pindo la gauni la kitenge. Aliniambia ukikwama uwanja wa ndege, fumua. Sikukwama. Ni mwaka wa nne sasa. Nyumba ya kwanza niliyofanya walinichukulia pasipoti na simu, gauni hawakuligusa, waliliona nguo kuukuu. Mama amefariki mwaka jana na sikwenda kuzika.

Noti bado zimo. Gauni nimelifua mara moja tu, kwa mkono, na pindo nililishika juu lisiguse maji.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa mama, Mungu amlaze mahali pema. Nimekusoma nikaacha kazi.

Nikuambie la fundi. Usilifue tena kabla ya kufanya hivi. Noti ikikaa miaka na jasho na joto la huko inalainika, na uzi wa pamba unakatika wenyewe. Tafuta wembe na sindano namba ndogo. Geuza pindo, tafuta mahali mama alipoanzia: patakuwa na fundo, au mishono mitatu minne imerudiwa. Hapo usiguse, hiyo ni alama yake. Fumua upande wa pili, upana wa vidole vitatu tu, utoe noti moja moja. Zifunge kwa nailoni nyembamba, zirudishe vilevile, kisha ushone na uzi wa rangi tofauti kidogo, ili siku zote ujue wapi ni mkono wako na wapi ni wa mama.

Ukikwama kwenye mshono wa kuficha, niulize hapa hapa. Nipo.